Rufiji, Kilombero au Ruaha Mkuu: mto wa kafi, mto wa miguu, mto wa hema

Kila mwaka mvua za masika zikianza kukatika, swali ni lile lile kutoka kwa ndugu na marafiki: tunataka kwenda porini, penye mto, tupige kafi kidogo, tutembee, tulale kwenye hema, twende wapi? Wengi wao wameshaona picha ya boti ikipita kando ya viboko, picha ya hema chini ya mbuyu na picha ya mtumbwi kwenye maji yaliyotulia, wakadhani zote zimepigwa mahali pamoja. Boti ile ilikuwa Rufiji, mbuyu ule uko Ruaha, na mtumbwi ule ulikuwa Kilombero. Mtu akichagua mto kwa picha ya mto mwingine, atafika na atasikitika, na nauli haitarudi.

Kinachochanganya zaidi ni kwamba maji yenyewe ni ya ukoo mmoja. Kilombero hukutana na Luwegu kwenye maporomoko ya Shughuli, na kuanzia hapo mto huitwa Rufiji. Ruaha Mkuu nao hutoka bonde la Usangu, hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, huingia bwawa la Mtera, kisha la Kidatu, halafu hujiunga na Rufiji juu kidogo ya Korongo la Stiegler, eneo ambalo sasa limefunikwa na Bwawa la Julius Nyerere. Ila ndugu hawa hawafanani. Ruaha Mkuu unakusanya maji kutoka karibu nusu ya bonde zima la Rufiji, lakini unachangia kama asilimia 15 tu ya maji yake. Kilombero, wenye eneo dogo kuliko Ruaha Mkuu, huleta karibu theluthi mbili. Ukizishika namba hizo mbili umeshapata nusu ya ushauri wangu: penye maji ndipo pa kupiga kafi, na penye mchanga ndipo pa kutembea.

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili. Unataka kushika kafi kwa mikono yako, nenda Kilombero. Unataka kutembea porini kwa saa nyingi, nenda Ruaha. Unataka kuwa karibu na mto mkubwa wenye wanyama wengi bila kujichosha, au unasafiri na watoto na wazee, nenda Rufiji. Mahali pamoja panapotoa vyote vitatu kwa ubora ule ule sijapaona Tanzania, na nimepatafuta.

Kafi

Nianze na Rufiji, kwa sababu ndiko wengi wanakodhani watapiga kafi. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa mwaka 2019 kutoka sehemu ya Pori la Akiba la Selous, safari ya majini ni ya boti ya injini. Unapandishwa, unakaa kwenye kiti, nahodha anakupeleka mtoni au kwenye maziwa yaliyoshikana na mto: Tagalala, Manze, Nzerakera, Siwandu. Sababu ni kiboko. Dume mzima huweza kupita tani moja na nusu, hutembea chini ya maji bila kuonekana, na akihisi amezibiwa njia ya kwenda kwenye kina huinuka pale pale alipo. Mtumbwi wa watu wawili kwake ni mzigo mwepesi. Nahodha wa boti anajua makundi yameamkia wapi asubuhi hiyo, na ana injini ya kumtoa haraka. Wewe mwenye mtumbwi wa kupuliza ulioununua mjini huna kimojawapo. Nimeshaulizwa mara kadhaa kama mtu anaweza kuja na wa kwake na kuushusha Mloka, nje ya hifadhi. Hapana. Wavuvi wa pale wamezaliwa kando ya maji yale, na hata wao viboko na mamba huwajeruhi.

Ukilikubali hilo, boti ya Rufiji ni miongoni mwa vitu vizuri kabisa unavyoweza kuvifanya kusini mwa nchi. Panda saa kumi alasiri. Kingo za mchanga zimetobolewa vishimo na keremkerem, wanaingia na kutoka kama watu sokoni. Furukombe anakaa juu ya mvumo uliokufa, na mamba wamelala na midomo wazi kwenye visiwa vya mchanga. Jambo moja ambalo wageni wengi hawaambiwi: twiga wako upande wa kaskazini wa mto tu. Ukivuka kusini hutamwona hata mmoja.

Kilombero ni habari nyingine, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndio mto ninaoupenda kuliko yote. Kituo ni Ifakara, na kutoka mjini unakwenda Kivukoni, penye daraja. Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384 lilifunguliwa mwaka 2018. Kabla ya hapo ilikuwa pantoni, na jina la Kivukoni limebaki. Magari sasa hupita juu bila kusimama, lakini mitumbwi ya miti ya kuchonga bado iko chini pale pale. Wenyeji wa maji haya ni Wandamba, watu wa mto kwa karne na karne, na anayekaa nyuma ya mtumbwi wako atakuwa mmoja wao au mtu aliyefundishwa nao. Penye kina anatumia kafi ameketi. Penye maji ya magotini anasimama na kusukuma kwa pondo, mti mrefu unaogusa chini, na mtumbwi unateleza bila kelele katikati ya matete.

Mzee aliyenichukua mimi alinipa kafi la pili baada ya nusu saa, aliporidhika kwamba sitayumba. Alinikalisha chini kabisa, sakafuni, magoti yamepanuka yakigusa mbavu za mtumbwi. Kila tulipokaribia kona alinyamaza, akagonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi mara mbili, akangoja. Mara ya tatu nikamuuliza anagonga nini.

“Napiga hodi, mwanangu,” akasema. “Humu ni kwa mtu.”

Kona iliyofuata ikajibu. Tulisikia pumzi nzito ya kiboko kabla hatujamwona, na mzee akageuza tukapita ng’ambo, tumeshikilia ukingo, mpaka tukampita. Nilijifunza zaidi kuhusu kiboko katika dakika zile kuliko katika safari zangu zote za boti, kwa sababu mara ile ilikuwa mikono yangu, si injini, iliyokuwa ikituondoa pale.

Kafi pia linakufundisha mwili wako. Saa mbili za kwanza ni raha. Saa ya tatu mabega yanauma, na mchana upepo unapanda kutoka bondeni na kukurudisha nyuma. Kwa hiyo ondokeni alfajiri, mpumzike kuanzia saa tano, mrudi majini jua likilegea. Safari ya siku mbili na usiku mmoja inamtosha mtu ambaye hajawahi. Bei hupangwa mapema na kwa siku, si kwa saa, na chakula cha wapiga kafi ni juu yako. Jaketi okozi nenda nalo mwenyewe, la saizi yako, ulijaribu kabla ya kuondoka nyumbani. Usitegemee kulikuta kijijini. Na kabla hamjaondoka angalia mtumbwi. Kiraka si tatizo kama maji hayaingii. Ukimwona mtu anakomba maji kwa kopo hata kabla abiria hawajapanda, omba mwingine bila aibu.

Niseme na lisilopendeza. Kilombero ya leo si bonde la hadithi za wazee. Uwanda huu uliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu za kimataifa mwaka 2002, na ni nyumba kubwa ya sheshe, swala wa majimajini apatikanaye katika nchi chache tu za Afrika. Lakini mashamba ya mpunga na mifugo vimesogea hadi maeneo yaliyokuwa ya sheshe, na wamepungua sana. Ukienda kwa ajili ya kuhesabu wanyama utavunjika moyo. Nenda kwa ajili ya maji, ndege, kambi za wavuvi na moshi wa kambale wanaokaushwa. Sehemu ya bonde imepandishwa hadhi kuwa pori la akiba, kwa hiyo si kila mkondo ni wa kuingia tu: ulizieni Ifakara, kwenye ofisi za wanyamapori na serikali ya kijiji, mpite mnakoruhusiwa. Mzee wangu alijua mpaka ulipo na hakuuvuka, ingawa niliona wazi kwamba upande ule ndiko alikovua utotoni.

Ruaha Mkuu nitaumaliza haraka hapa: hakuna kafi. Tangu mwaka 1993 mto huu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi mwishoni mwa kiangazi, kwa sababu maji ya juu, Usangu, huchepushwa kwenda mashambani na kidogo kinachobaki hakivuki kinamasi cha Ihefu. Mwaka 2008 Usangu iliongezwa kwenye hifadhi ili kulinda chanzo, na Ruaha ikapanuka kufikia kilomita za mraba 20,226, lakini Oktoba bado utakuta viboko wamebanana kwenye dimbwi moja la tope kama abiria wa daladala ya jioni. Inauma kuwaona. Mvua zikija mto hujaa kwa kasi na mawe yake ni makali. Si wa mtumbwi wakati wowote.

Miguu

Lakini mto huo huo uliokauka ndio unaoifanya Ruaha kuwa mahali pa kutembea. Nchi iko wazi. Mibuyu imesimama mbalimbali, mchanga wa mto ni mweupe na mpana, na unaona mbali. Hilo la kuona mbali ndilo jambo la kwanza la usalama kwa mtu anayetembea kati ya simba na tembo, na ndilo linalokosekana penye vichaka.

Mnaondoka saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijakaza. Askari wa hifadhi mwenye bunduki yuko mbele, ninyi nyuma yake kwa mstari mmoja, hakuna kuongea. Wangu alikuwa na kitambaa kidogo chenye majivu, na kila baada ya hatua kadhaa alikitikisa kuona upepo unakwenda wapi. Akisimama, mnasimama. Akikunja ngumi, hata kukohoa unakumeza. Kwa saa nzima ya kwanza hatukuona mnyama mkubwa, tulisoma tu: hapa fisi alipita usiku, hapa tandala mkubwa alilala, hapa nyoka alivuka na mchanga bado haujajaza alama yake. Kisha kwenye kona ya mto mkavu tukawaona tembo wanne wakichimba. Walichimba kwa mguu wa mbele na mkonga, polepole, wakingoja maji yachuje kutoka mchangani, wakanywa kwa zamu, mkubwa kwanza. Walipoondoka wakaja nyani, wakanywa kwenye vishimo vile vile. Hilo huwezi kulipata garini. Gari lingekuwa juu, barabarani, na tungeona migongo tu.

Matembezi huisha mnamo saa nne. Jua likipanda hakuna atakayekutembeza, na ni haki. Panga mapema, kwa simu au ukifika tu Msembe, makao makuu ya hifadhi, jioni, kwa sababu askari wa matembezi si wengi na asubuhi moja haitoshi makundi mengi. Watoto wadogo hawaruhusiwi kutembea, kwa hiyo familia mjipange nani atabaki kambini. Nguo iwe ya rangi ya udongo au majani yaliyokauka. Bluu na nyeusi acha nyumbani: mbung’o wanazifuata rangi hizo, na mbung’o wa Ruaha anapenya suruali ya jinzi.

Njiani kutoka Iringa usipite Kalenga bila kusimama. Pana makumbusho madogo ya Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, na fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 liko pale. Saa moja inatosha, na ukiingia porini baada ya hapo unaitazama nchi ile kwa jicho jingine: vilima vile vilimficha mtu aliyewasumbua Wajerumani miaka saba.

Rufiji nako kuna matembezi na askari, lakini nionavyo mimi ni ya kuongezea, si ya kuifuata safari yenyewe. Vichaka vimesongamana zaidi, nyati wanalala humo, na kiongozi mwenye busara atakuzungusha njia fupi. Tembea asubuhi moja kwa ajili ya alama na miti, halafu nenda kwenye chemchemi za maji moto karibu na Tagalala. Wageni hupelekwa pia Beho Beho, kwenye kaburi la Frederick Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyepigwa risasi pale tarehe 4 Januari 1917 katika Vita vya Kwanza vya Dunia na ambaye jina lake pori lilibeba kwa miaka mingi. Mimi nikiwa kando ya mto ule humwaza mtu mwingine zaidi: Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya dawa mwaka 1905 na watu wa kusini wakasimama dhidi ya Wajerumani. Kama mna watoto waliosoma Maji Maji darasani, waambieni mkiwa pale mtoni. Watalikumbuka somo.

Na Kilombero? Uwandani hakutembeki kwa raha. Majani yanapita kichwa, chini ni tope, na hujui nyati yuko wapi. Ila nusu ya jibu iko juu yako, magharibi: Milima ya Udzungwa. Lango la hifadhi liko Mang’ula, kwenye barabara hiyo hiyo ya Ifakara, na hifadhi ile haina barabara za gari ndani. Kila kitu ni kwa miguu. Njia ya maporomoko ya Sanje, yanayoshuka mita 170, inachukua nusu siku kwa mtu wa kawaida, ndani ya msitu wenye mbega wekundu na kima wa Sanje, ambao wataalamu waliwatambua mwaka 1979 tu. Siku mbili za kafi na siku moja ya Sanje ni safari kamili. Nikilazimishwa kumtafutia mtu wa afya njema safari inayokaribia vyote vitatu, nitampa hiyo, nikimwonya kwamba tembo na simba asiwaweke kwenye matarajio.

Hema

Hapa nina kosa langu la kuungama. Mara ya kwanza kulala kando ya Rufiji nilichagua mahali pazuri kuliko pote: tambarare, majani mafupi kama yamefyekwa, na pana mteremko laini wa kushukia majini. Sikujiuliza nani aliyafyeka yale majani. Saa nane usiku nikasikia mtafuno karibu na kichwa changu, mkubwa na wa taratibu, ng’waa, ng’waa, kisha kamba moja ya hema ikakatika. Nililala chali bila kupumua mpaka karibu na alfajiri. Asubuhi nikaona nyayo pande zote mbili: nilikuwa nimeweka hema katikati ya njia ya viboko. Usiku hutoka majini na kwenda kilomita kadhaa kula majani, na hurudi kwa njia ile ile, miaka yote. Majani mafupi kando ya mto mkubwa ni meza ya mtu. Weka hema juu zaidi, pasipo na mteremko laini, na kabla ya giza zunguka uangalie nyayo na kinyesi.

Katika hifadhi zote mbili, Nyerere na Ruaha, yako maeneo ya kambi ya umma yenye choo na wakati mwingine maji, na yako maeneo maalumu yasiyo na kitu chochote, ya bei ya juu kidogo, ambayo unakuwa peke yako. Kwa mara ya kwanza chukua ya umma. Kambi ya Msembe, Ruaha, iko karibu na mto, pana pia vibanda kwa asiyetaka hema, na usiku utasikia simba vizuri tu. Kwa Rufiji, mwenye mfuko mwepesi alale nje ya lango la Mtemere, kijijini Mloka, ambako kuna kambi kadhaa ukingoni mwa mto; unaingia hifadhini siku unayotaka tu. Ruaha mbadala kama huo ni kijiji cha Tungamalenga. Uliza langoni kibali cha hifadhi kinadumu saa ngapi kabla hujalipa.

Chakula kilale garini, milango imefungwa. Tumbili na nyani hufungua zipu ya hema kama watu, na fisi huchukua hata viatu. Kuni msiokote, nendeni na mkaa au mtungi mdogo wa gesi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo fungeni vitu kwenye ndoo zenye vifuniko, ambazo pia huzuia siafu.

Kilombero hakuna kambi rasmi za mtoni za namna hiyo. Unalala kijijini au kwenye kambi ya wavuvi, na hilo linahitaji adabu. Fika kwa mtendaji wa kijiji kwanza, jitambulishe, onyesha kitambulisho, sema mko wangapi na mnalala siku ngapi. Ukipokewa na mama mwenye nyumba, pelekea sukari na sabuni. Usiende mikono mitupu. Chakula chao ni kambale na wali wa mchele wa huko huko, na sijui mahali penye wali mtamu zaidi. Ila mbu! Si bure kwamba Taasisi ya Afya Ifakara imekuwa ikichunguza malaria kwa miongo mingi katika mji huu. Hema lenye wavu mzima, mikono mirefu kuanzia magharibi, na dawa ya kinga uliyoandikiwa na daktari kabla ya kusafiri. Maji ya mto usiyanywe bila kuyachemsha, na usikae umeloweka miguu penye maji yaliyosimama, maana kichocho kipo.

Njia na miezi

Kutoka Dar es Salaam, Rufiji ndiyo ya karibu: barabara ya Kilwa hadi Kibiti, kisha unaacha lami kuelekea Mloka. Haifiki kilomita 300 lakini hesabu siku nzima, na tope la pale likilowa hata gari la kuvuta magurudumu yote manne hukwama. Kilombero ni zaidi ya kilomita 400 kupitia Morogoro na Mikumi, au kwa treni ya TAZARA inayopita Mang’ula na Ifakara. Treni ni nafuu na nzuri, mradi huna miadi ya saa fulani. Kilombero ndiyo safari pekee kati ya hizi tatu ambayo mtu asiye na gari anaweza kuifanya yote kwa basi, bajaji na miguu. Ruaha ni mbali zaidi, kama kilomita 500 hadi Iringa na nyingine 130 hivi hadi Msembe, na bila gari la kukodi hutasogea. Mkiwa watu wanne au watano mkagawana gari, gharama inashuka hadi pale inapovumilika. Mtu mmoja Ruaha ni gharama kubwa. Malangoni hakuna kupokea noti: malipo ni kwa kadi, benki au simu, na raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi kiasi kidogo kuliko wageni, ilimradi kitambulisho kiwe mkononi.

Kwa miezi, Ruaha ni Julai hadi Oktoba, na kadiri mto unavyokauka ndivyo wanyama wanavyojikusanya. Rufiji ni Juni hadi Oktoba. Kambi nyingi hufungwa wakati wa masika. Maji unayoyaona Mtemere sasa yamepita kwanza kwenye bwawa, lililoanza kujazwa Desemba 2022, na mwaka 2024 Rufiji na Kibiti zilikumbwa na mafuriko makubwa, kwa hiyo piga simu kambini wiki moja kabla uulize mto ukoje leo, si mwaka jana ulikuwaje. Kilombero ni mwishoni mwa Juni hadi Oktoba, maji yakiwa yamerudi kwenye mkondo wake.

Hili la Kilombero nalijua kwa sababu mara ya kwanza nilikwenda Aprili. Nilikuwa na likizo, nikaona maji mengi ni bahati. Nilipofika Kivukoni hapakuwa na mto. Palikuwa na maji kutoka chini ya daraja hadi upeo wa macho, na miti imesimama humo kama watu wanaooga. Nilimkuta mzee yule amekaa juu ya mtumbwi wake ulioegeshwa, anashona wavu. Nikamwonyesha fedha nilizokuja nazo. Hakuzitazama. Aliniuliza kama naona njia ya mto iko wapi, na mimi sikuiona. “Mimi mwenyewe siioni,” akasema, “na kiboko naye amepotezwa, anazurura hadi kwenye mashamba. Njoo Julai.”

Nikarudi Julai.